Niliacha kushindana na saa ya ukutani, nikafuata maji

Nimezaliwa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, wenyewe twauita Amu, na usiku ukitulia bahari naisikia nikiwa kitandani. Hata hivyo nilifika miaka 43 sijui kuogelea. Watu wa bara hudhani mtoto wa Amu huzaliwa na mapezi. Wavulana labda. Wao hujirusha majini kutoka gatini hata meno ya utotoni hayajang'oka. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kukaa juu na nguo zao, tuzilinde zisikanyagwe na punda.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mabuibui, madera na sare za chuo, na Mfungo Sita ukikaribia huwa ni kanzu za Maulidi usiku na mchana. Wageni husema Lamu hakuna magari, kwa hivyo sote lazima tuwe wepesi. Wepesi ni wale wanaobeba mizigo na wanaoswaga punda. Mimi safari yangu kutoka kitandani hadi kazini ilikuwa ngazi kumi na nne. Zamani angalau nilikuwa nakanyaga. Siku niliyofunga mota kwenye cherehani, hata miguu ikapata likizo.

Kisha muuguzi akanipima presha mara mbili, akapima na ya tatu, kama mtu anayeomba mashine iwe imekosea. Hakunipa dawa. Aliniambia nipunguze chumvi na nitafute dakika 150 za mwendo wa haraka kila wiki, ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawapendekezea watu wazima. Nikazigawa kichwani hapo hapo: nusu saa, siku tano. Nikaona ni kazi ndogo kuliko kutia zipu.

Basi nikaweka simu iniamshe saa kumi na moja alfajiri. Niswali, nivae raba, nishike njia ya kijiji jirani cha Shela, kilomita tatu hivi, nirudi na boti. Nilinunua daftari, nikapiga mistari, nikachora kisanduku kwa kila siku ya mwezi. Siku kumi na moja nilitia alama. Ya kumi na mbili nilikuwa nimelala saa nane usiku kwa sababu ya nguo za harusi, nikashtuka jua limeshapanda. Kisanduku kikabaki kitupu. Kesho yake nikakiona tena kile kitupu, nikasema mwezi umeshaharibika, nitaanza upya mwezi ujao. Mchezo huo niliucheza mara nne kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Kila nikianza daftari jipya najiona mtu mpya. Madaftari ninayo hadi leo. Nayatumia kuandikia vipimo vya wateja.

Aliyenitoa hapo hakukusudia. Ni jirani yetu mmoja, nahodha wa zamani ambaye macho yamemwacha nchi kavu, sote twamwita Ami. Alileta kikoi kitiwe pindo. Nikawa namlalamikia huku nashona: mimi sina nidhamu, siwezi hata kuamka saa moja ile ile wiki mbili. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mimi nimesafiri miaka arobaini, sijawahi kutweka saa moja ile ile siku mbili. Sasa na mimi sina nidhamu?"

Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akachora duara juu ya meza. Mwezi mosi hapa, mwezi kumi na tano pale, yaani siku za mwezi mwandamo. Siku hizo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu, akasema, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, au hupita kidogo, na hupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata, kujaa kunachelewa. Ukifika mwezi saba, mwezi nane, mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kwa uvivu karibu saa nne na yanapwa karibu saa kumi. Kisha yanarudi kuelekea bamvua nyingine. Aliongea juu ya samaki na majahazi, si juu ya presha yangu. Akachukua kikoi chake akaenda zake. Lile duara sikulifuta siku tatu. Nilikatia nguo pembeni.

Niliishia darasa la nane, na hisabati niliiacha huko huko. Lakini ile chaki ilinikereketa. Nikatafuta kwenye simu jedwali la maji, nikakaa nalo usiku baada ya usiku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kesho maji yanachelewa kwa dakika 50 kuliko leo. Hiyo ni wastani. Nilipolinganisha siku kwa siku niligundua kwamba wakati wa bamvua yanachelewa pungufu ya hapo, na wakati wa maji mafu yanapitisha hata saa nzima. Nilimpelekea Ami habari hiyo kama mtu aliyevumbua dunia. Akaniambia, "Ndiyo maana yanaitwa mafu. Maiti hana haraka."

Wakati huo binti wa kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani akingoja matokeo, na kuogelea alishajifunza Mombasa. Yeye ndiye aliyesema, "Shangazi, kama umeshajua maji yanajaa saa ngapi, mbona huyaingii?" Nikamtajia kila sababu niliyokuwa nayo. Umri. Heshima. Watu watasema nini. Samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia, na huyu wa kwako ameshakauka, ameshakuwa ng'onda. Akanijibu ng'onda akitiwa majini hulainika. Sikuwa na la kumjibu.

Tulikwenda Shela, kupita nyumba za mwisho, pale ambapo asubuhi hakuna watu. Niliingia na dera. Nalitaja kwa ajili ya mwanamke mwenzangu anayetaka kujaribu: usiingie na dera. Maji yalipofika kiunoni lilijaa hewa likapanda mpaka kifuani kama tanga, kisha lilipolowa likashuka likanifunga miguu, nikawa mzigo. Jioni ile ile nilikata kitambaa cha nailoni kinachovutika, nikashona suruali, kanzu fupi ya mikono mirefu inayofika magotini, na kilemba kilichoungana na shingo. Upande wa chini wa kanzu nilitia vifungo viwili vya kuishikisha na suruali ili isipande. Kazi ya ufundi ile naionea fahari kuliko vazi lolote la harusi nililowahi kushona.

Siku saba za kwanza sikuogelea. Nilijifunza kupumua. Unasimama maji yakiwa kifuani, unavuta pumzi kwa mdomo, unazamisha uso, unaitoa polepole majini, mapovu yanapita mashavuni. Mimi nilikuwa naibana. Kila nikizamisha uso, koo linafunga lenyewe, natoka natweta kama nimekimbizwa. Mpwa wangu alinifahamisha kwamba kinachomtisha mtu si kukosa hewa, ni ile hewa chafu aliyoifungia ndani. Itoe yote, hapo mpya itaingia bila kuombwa. Siku ya nane nilitoa mapovu mara ishirini mfululizo, nikaweka alama daftarini: 20.

Kisha kulala chali. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, karibu miezi miwili. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya kisima, yanakubeba yenyewe, na mapafu yakijaa hewa kifua kinabaki juu kama boya. Haya yote nilikuwa nayajua. Shingo yangu ndiyo haikuyajua. Kila maji yakigusa masikio, nanyanyua kichwa nione niko wapi, na kichwa kikinyanyuka miguu inazama. "Shangazi, legeza shingo. Angalia mbingu. Mimi nimekushika." Mkono wake ulikuwa chini ya mgongo wangu, navisikia vidole vitano. Siku moja nikawa navisikia vinne, kisha viwili, kisha nikamuuliza mbona kimya. Sauti yake ikatoka mbali, upande wa ufukoni. Alikuwa ameshaniacha kitambo. Nikazama papo hapo, nikameza maji, nikatoka nacheka na kamasi.

Ratiba ilijipanga yenyewe, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza hasa. Mwezi mosi hadi mwezi tatu maji yanajaa alasiri na jioni, nafunga kazi mapema, naogelea. Mwezi nne hadi sita yanajaa asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu, naogelea kabla ya kufungua. Yakifika maji mafu, kujaa kunaangukia saa za kazi na jua kali, siingii. Lakini kuanzia mwezi kumi hivi, alfajiri maji huwa yamepwa, mchanga umekaza, na hapo natembea hadi Shela bila kupanda juu ya ukuta wa ufukoni. Mwezi kumi na tano mzunguko unaanza tena. Hakuna siku mbili zinazofanana, na tangu nianze hivi sijawahi kuiwekea simu kengele. Nikiamka naangalia tarehe ya Kiislamu, najua leo ni ya maji au ya miguu.

Siku ninayoijutia ni siku niliyorudia ujinga wa visanduku. Ilikuwa mwezi nne. Maji yalijaa saa kumi na mbili na nusu, mimi nikachelewa na mteja, nikafika Shela saa tatu. Mpwa wangu akasema maji yanatoka kwa nguvu, tutembee tu. Nami nilikuwa na siku tisa za maji mfululizo bila kukosa moja, na daftari lilikuwa linanitazama. "Dakika kumi tu," nikamwambia.

Pale maji yakipwa mkondo unashuka kwenye mlango wa bahari, kati yetu na kisiwa cha Manda, unaelekea bahari kuu. Nilipiga mikono labda kumi na tano, nikanyanyua uso, na nyumba niliyokuwa naitazama haikuwapo. Palikuwa na kilima cha mchanga. Nikageuka kupambana na mkondo, na nadhani mnajua jinsi vita hivyo vinavyokwisha. Aliyeniokoa ni mpwa wangu kwa sauti tu, anakimbia ufukoni sambamba nami, anapiga kelele, "Usirudi! Kata pembeni! Kata uje huku!" Nikaacha kupambana, nikaukata mkondo kwa upande, unaniteremsha huku nasogea, mpaka nikaidaka kamba ya nanga ya mashua iliyofungwa hapo. Kamba ilikuwa imeota vijikombe vikali vya baharini. Nilining'inia nikihema, damu inanitoka viganjani, nikatoka wakati miguu iliponisikiliza. Wiki ile sikuweza kushika sindano.

Ami alipoiona mikono yangu hakuuliza. Alisema, "Ulijua saa."

"Nilijua, Ami."

"Basi hukuwa na haja ya bahari. Ulikuwa na haja ya ile alama." Akanyamaza kidogo. "Nahodha anayeogopa kulala bandarini hazeeki."

Daftari la sasa halina visanduku. Naandika nilichofanya, na siku isiyoandikwa haionekani. Kusi iliposhika, mwezi wa Juni na Julai, bahari ikachafuka, sikuingia kabisa kwa wiki tano. Nilitembea, na siku za mvua nilipanda na kushuka zile ngazi kumi na nne nikibeba jora la kitambaa. Ramadhani sikutaka kuhatarisha saumu kwa kumeza maji, nikazitumia zile saa kujisomea jedwali na kujifunza majina ya nyota aliyonipa Ami. Zamani pengo kama hilo lingenimaliza. Safari hii maji yalipotulia nilirudi, na mwili ulikuwa unakumbuka zaidi ya nilivyotarajia. Kilichopotea ni pumzi, ikarudi kwa bamvua mbili.

Presha imeshuka, si sana. Muuguzi aliniuliza natumia nini, nikamwambia kalenda. Naogelea sambamba na ufuo, kutoka mashua ya kwanza hadi ya nne zilizofungwa pale, maji yakiwa yamesimama. Kuvuka hadi Manda sijajaribu wala sikusudii. Zile boti za injini hazimwoni mtu mwenye kilemba cheusi. Wanawake wawili wa mtaani wameniomba niwashonee vazi kama langu. Mmoja anasema ni la binti yake, lakini vipimo alivyonipa ni vyake.

Juzi alikuja bibi harusi na mama yake, wanataka kujaribisha gauni. Wakaniuliza watakuja lini. Nikahesabu kwa vidole, bado sijaacha vidole.

"Jumamosi ni mwezi tano," nikawaambia. "Njooni baada ya saa tatu. Kabla ya hapo sipo."