Tafakari ya Juma: Binadamu wa Kale na Sahani ya Jirani

Wapendwa katika Bwana, Tumsifu Yesu Kristo. Masomo ya juma hili ni Mwanzo 1:29 na Warumi 14:1-12, nami nimeyachagua kwa sababu ya mabishano yanayozidi kukua katika jumuiya zetu hapa Dar es Salaam kuhusu chakula kipi hasa ndicho cha asili ya mwanadamu. Wengine wanashika Kitabu cha Mwanzo na kusema kwamba watu wa kwanza walipewa mimea na matunda tu, hivyo kula nyama ni kumwasi Mungu. Wengine wanadai kwamba mababu wa kale walikuwa wawindaji, hivyo ugali, wali na chapati ni sumu kwa mwili. Katika sala ya jumuiya nyumbani kwa mmoja wetu, mama mwenyeji aliambiwa mbele ya wageni, sahani ya ugali na dagaa ikiwa bado mkononi mwake, kwamba anawaua watoto wake taratibu. Hakujibu neno, aliirudisha sahani jikoni.

Kabla ya kuingia katika Maandiko, ni haki tuusikilize ushahidi wenyewe, nao hauko mbali nasi. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefanana kiasi na mwanadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, ni mali ya Makumbusho ya Taifa hapa hapa jijini. Umri wake ni takribani miaka milioni 1.75. Magego yake ni mapana kuliko yetu mara kadhaa, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ambapo misuli mikubwa ya taya ilijishikiza. Kwa kuyatazama meno hayo, wataalamu walidhani kwamba kiumbe huyo alikuwa akivunja kokwa ngumu. Baadaye mikwaruzo ya meno na kemia ya meno ya jamii yake vilichunguzwa, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Hata hivyo, yeye si babu yetu, kwa kuwa ukoo wake ulitoweka zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Na pale pale alipolala palikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa, ambayo leo wengi huihusisha na Homo habilis, jamii ya binadamu wa kale iliyopewa jina hilo mwaka 1964. Katika ardhi hiyo moja, basi, kuna ushahidi wa majani na wa nyama, na anayetaka kuufanya mmoja kuwa sheria ya wote hana budi kuufumbia macho mwingine.

Muumini asiogope kuyasikia haya. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliiandikia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Isitoshe, mwili wetu haukukoma kubadilika porini. Utafiti uliotolewa mwaka 2007, uliohusisha wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa ulitokana na mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Ulaya, yaliyoenea ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa karibu na Ziwa Eyasi, hula asali, ubuyu, mizizi, matunda ya porini na nyama, kila kimoja kwa msimu wake. Mahindi nayo, tunayoyatetea kana kwamba tulizaliwa nayo, yalitoka bara la Amerika na kufika Afrika baada ya mwaka 1500.

Turudi sasa kwenye Neno. Katika Mwanzo 1:29 Mungu anatoa mimea, na katika Mwanzo 9:3 anatoa pia kila kiendacho chenye uhai. Mahali pote pawili anayesema ni Mpaji, na kinachotolewa ni zawadi. Sisi Wakatoliki hujinyima nyama Ijumaa Kuu kama toba, wala si kwa kuwa nyama ni najisi, na Bwana wetu mfufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Mtume Paulo hasemi nani kati ya mla mboga na mla vyote ana hoja bora ya afya. Anauliza kwa ukali: wewe ni nani hata umhukumu mtumishi wa mwingine?

Lakini onyo la Mtume linawagusa pia wanaokula, naye amelitanguliza: anayekula asimdharau asiyekula. Wako ndugu wenye kisukari ambao wamepunguza ugali kwa ushauri wa daktari, na wako walioacha nyama kwa nadhiri. Tukiwakaribisha juma hili, tusiwalazimishe kumaliza sahani kwa jina la ukarimu, wala tusiwaite wenye kujidai. Tuwaulize mapema wanakula nini, kisha tuwapikie hicho.