Vanderbilt hawakukamia, waliwanyima Alabama mpira

Kila Wabongo wa hapa Nashville tukikaa na ikatajwa ile mechi ya Vanderbilt na Alabama, lazima atokee mmoja aseme, "Aah, wale walikamia tu." Hapo ndipo mimi huweka kikombe chini. Kwetu timu kubwa haifungwi na timu ndogo, hukamiwa. Basi nimeona niandike mara moja, ili siku nyingine mtu akianza nimtumie hii nami niendelee kula.

Mechi yenyewe ilichezwa Jumamosi, Oktoba 5, 2024, hapa hapa mjini. Vanderbilt 40, Alabama 35. Huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa, na wanaocheza ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Mlioko nyumbani msidhani ni kama bonanza la chuo. Uwanja wa Alabama kule Tuscaloosa unaingiza watu zaidi ya 100,000. Kocha wao wa zamani, Nick Saban, aliwapa ubingwa wa taifa mara sita kabla hajastaafu Januari 2024, na aliyeachiwa kiti ni Kalen DeBoer, kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Wiki moja kabla ya kuja Nashville walikuwa wamewafunga Georgia 41–34, mechi ambayo nchi nzima ilikuwa inaizungumza, na waandishi wa habari wanaopiga kura za AP, shirika la habari linalotoa orodha ya timu bora za vyuo, wakawapandisha hadi namba moja. Orodha hiyo imekuwepo tangu 1936, na kila Jumapili watu huisubiri kama matokeo ya mtihani.

Vanderbilt sasa. Watu wetu wengi hapa mjini wanalijua jina hilo kwa ajili ya hospitali. Ndicho chuo pekee cha binafsi katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki ambamo Alabama nao wamo, chuo cha watoto wenye vichwa, na kwa miaka mingi kwenye mpira walikuwa pointi za bure. Msimu wa 2023 walishinda mechi mbili, wakapoteza kumi. Alabama walikuwa wamewafunga mara 23 mfululizo, ushindi wa mwisho wa Vanderbilt juu yao ukiwa wa 1984. Halafu kuna takwimu moja ambayo mwanzoni nilidhani imechapwa vibaya: dhidi ya timu zilizokuwa ndani ya tano bora za AP, Vanderbilt walikuwa wamecheza mara 60 katika historia yao yote na kufungwa mara 60. Hata sare ya kusingizia hawakuwa nayo.

Siku ile nilikuwa zamu. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja huku West End, barabara inayopita jirani na chuo, na jioni hiyo tulikuwa na karamu ya harusi. Mpira ulianza saa tisa na robo alasiri. Kwenye chumba cha kupumzikia kuna televisheni ndogo ukutani, na pale jikoni tuna mzee mmoja, mzaliwa wa Birmingham, jimbo la Alabama, ambaye hakusalimii "habari za asubuhi", anakusalimia "Roll Tide", kelele ya mashabiki wa Alabama. Alikuja na kofia yake nyekundu iliyokoza akaivaa juu ya wavu wa nywele. Akaniambia nisijisumbue kwenda kuchungulia, yeye atanipa matokeo ikifika mapumziko. Mimi nikaendelea na karoti zangu.

Mapumziko yalipofika hakuja kunipa matokeo. Ilikuwa 23–14, Vanderbilt wanaongoza. Katika robo ya kwanza tu Jalen Milroe wa Alabama alikuwa ametupa pasi, Randon Fontenette akaidaka njiani na kukimbia nayo yadi 29 mpaka mwisho wa uwanja, yaani akafunga. Hiyo ndiyo sehemu wanayoishikilia watu wa "bahati", na kwa kweli bahati ilikuwemo. Lakini mechi ina dakika 60, na bahati ya namna hiyo inakula sekunde kama tano hivi.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo ubishi wangu hautaeleweka. Katika mpira huu timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukizipata, unaanza kuhesabu upya, na mpira unabaki wako. Usipozipata, unawaachia wenzako. Kwa kawaida timu ikishindwa mpaka la tatu, la nne hupiga mpira mbali na kujilinda. Kwa hiyo jaribio la tatu ndilo roho ya mchezo. Na wakati wewe unasogea kidogo kidogo, yadi tatu hapa, nne pale, saa inatembea, na mshambuliaji wa mwenzako mwenye mbio za swala amekaa benchi na chupa ya maji. Alabama walikuwa na kijana anaitwa Ryan Williams ambaye akigusa mpira mara mbili tatu tu anaweza kukumaliza. Dawa ya mtu wa namna hiyo ni kuhakikisha haugusi.

Vanderbilt walikaa na mpira dakika 42 na sekunde 8. Alabama, dakika 17 na sekunde 52. Katika majaribio ya tatu 18, Vanderbilt walifanikiwa mara 12. Nionyesheni timu iliyokamia inayofanya hivyo. Timu iliyokamia inakimbiakimbia, inapiga watu viatu, inachoka dakika ya sabini. Hawa walikuwa wametulia. Kila wakivunja kikao chao cha uwanjani walikuwa wanaenda kujipanga taratibu, wanasubiri ile saa ndogo, ya sekunde wanazopewa kuanza kila mchezo, ishuke karibu na mwisho, ndipo wanaanza. Mzee wa Birmingham alikuwa anaipigia kelele televisheni, "Waharakisheni!" Nani sasa awaharakishe?

Anayeuendesha mchezo kule mbele anaitwa kwotabeki, na wa Vanderbilt alikuwa Diego Pavia. Huyu ndiye sababu yangu kubwa. Ni mtoto wa Albuquerque, New Mexico, si mrefu kwa nafasi yake, na vyuo vikubwa havikumtaka. Alianzia chuo kidogo cha miaka miwili, New Mexico Military Institute, akaenda New Mexico State, ndipo akaja Nashville pamoja na Jerry Kill, kocha wake wa kule, na Tim Beck aliyekuwa anapanga mashambulizi. Yaani Clark Lea, kocha mkuu wa Vanderbilt, hakununua mchezaji peke yake, alichukua na jiko lililompika. Na watu wa "wamekamia" husahau kwamba Novemba 2023, akiwa bado New Mexico State, Pavia alienda mpaka jimbo hilo hilo la Alabama akawafunga Auburn 31–10 kwenye uwanja wao. Mtu akivunja nyumba mbili mtaa mmoja, usiseme alijikwaa mlangoni.

Dhidi ya Alabama alitupa pasi 20, zikafika 16, yadi 252, mbili zikiwa za kufunga. Na alikimbia mwenyewe pia, anagongana na mabeki wanaomzidi kilo nyingi, anaamka anaongea. Anaongea sana yule kijana, wengine hawampendi kwa hilo. Mimi naona kwenye timu iliyozoea kufungwa kwa adabu, mtu mmoja mkorofi anahitajika.

Kuna mchezo mmoja ambao nilibahatika kuuona mwenyewe, nimesimama mlangoni na trei ya viazi. Kipindi cha pili, Alabama wamekaribia, wanaanza kunusa. Vanderbilt wamefika jaribio la nne, wanahitaji yadi moja tu. Kila mtu uwanjani anajua hapa watasukumana katikati, kifua kwa kifua, wapate hiyo yadi moja. Mabeki wa Alabama wakajazana mbele. Pavia akaudaka, akatazama, akautupa. Junior Sherrill alikuwa peke yake kule nyuma. Yadi 36, mpaka ndani. Yule mzee alivua kofia akaiweka juu ya friji ya maziwa, hakusema neno. Ukiniuliza mimi, mechi iliisha pale, ingawa bado kulikuwa na kazi. Kocha aliyekuja kukamia anapiga mpira mbali anajilinda. Lea alikuja kushinda, na alikuwa ameipanga hiyo pasi siku gani sijui, lakini si siku hiyo.

Zilizobaki nilizipata vipande vipande kati ya sahani. Robo ya nne Milroe alibanwa, mpira ukamponyoka, Vanderbilt wakauchukua. Baadaye ikawa 40–28. Alabama wakarudisha, 40–35, zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Hapo mtoto wa mjini angesema Vanderbilt wanatetemeka sasa. Wakapewa mpira, wakausogeza, wakausogeza tena, na Alabama hawakuushika mpaka saa ikaisha.

Kilichofuata dunia nzima imekiona mtandaoni. Watu waliingia uwanjani wakaling'oa goli. Magoli ya huku ni mabomba ya chuma ya njano, marefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, si kitu cha kubeba begani kwenda nacho dukani. Wao wakalibeba. Zaidi ya maili mbili, wakishuka kuelekea Broadway, mtaa wa mabaa na magitaa, katikati ya watalii, mpaka Mto Cumberland, wakalitumbukiza majini. Sisi jikoni tulisikia kwanza honi, halafu vifijo. Tukatoka nje na aproni zetu. Giza lilikuwa linaingia. Mama mmoja wa Goma tunayefanya naye kazi, anayeosha vyombo, akanishika mkono, "Baba, bale batoto banabeba nini?" Nikamwambia ni goli, mama, wameshinda mpira. Akaniangalia kwa muda. "Sasa kesho batachezea wapi?" Mpaka leo sijasikia swali la maana zaidi kuhusu usiku ule.

SEC iliwatoza Vanderbilt faini ya dola 100,000 kwa mashabiki kuingia uwanjani. Kwa maoni yangu ni bei nzuri. Kuna watu wanalipa zaidi ya hapo kwa tangazo ambalo hakuna anayelitazama.

Sasa, mimi ni mtu wa Bukoba, kwa hiyo msinifundishe habari za timu ndogo. Mei 19, 2018, Kagera Sugar, timu ya kwetu, walikwenda Uwanja wa Taifa wakaifunga Simba 1–0, siku Simba wanakabidhiwa kombe, Rais Magufuli amekaa jukwaani, na Simba msimu mzima ilikuwa haijafungwa kwenye ligi. Niliruka mpaka dari. Lakini ile nakubali kuijadili, maana Simba walikuwa tayari mabingwa, akili zao ziko kwenye sherehe. Alabama hawakuja Nashville kwenye sherehe. Labda walikuwa na uchovu wa Georgia miguuni, hilo nawapa. Ila ulinzi wao haukuweza kuwatoa Vanderbilt uwanjani, na hilo si la uchovu wa wiki moja.

Usiku huo, kama saa nne za huku, nikapata ujumbe kutoka Mwanza, ambako ndiyo kwanza kunakucha. Mdogo wangu. "Shikamoo kaka. Hivi Alabama ni watu gani? Wamenichania mkeka." Alikuwa amepanga timu kadhaa za Ulaya, akamalizia na Alabama kwa sababu odi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliona ni hela ya bure. Hajawahi kuona mpira huu hata dakika moja. Nikamjibu marahaba, nikamtumia picha ya goli likiwa barabarani. Akanijibu kwa emoji ambayo siwezi kuieleza hapa.

Nao wanaosema ilikuwa ya siku moja, hebu fuateni yaliyokuja baadaye. Wiki iliyofuata Vanderbilt walikwenda Kentucky wakashinda 20–13. Msimu ukaisha wakiwa na ushindi saba na vipigo sita, wa mwisho ukiwa juu ya Georgia Tech, 35–27, kule Birmingham, mji wa yule mzee wangu. Msimu wa 2025 ndio walizidi: walifikisha ushindi kumi, kitu ambacho hawajawahi kukifikia tangu waanze kucheza mpira huu 1890, na Pavia akawa wa pili kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Alabama walilipiza, siwezi kuwanyima haki yao. Oktoba 2025, Tuscaloosa, 30–14. Mzee wa Birmingham alikuja kazini na kofia mpya. Mdogo wangu naye, kwa taarifa yenu, safari hiyo alikuwa amewawekea Vanderbilt.