Niache nafasi au niunganishe?

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Bagamoyo, na jioni najibu kwa Kiingereza meseji za wanaotaka kuja. Kuongea hakunipi taabu, maana "a part" na "apart" sikioni ni kitu kimoja. Taabu iko kwenye kuandika. Ukitaka kumwambia mtu kwamba magofu ya Kaole ni sehemu ya Bagamoyo, halafu ukaandika "apart", umetumia neno la kutengana. (Na kwa kuwa Kaole iko kilomita kama 5 kusini mwa mji, mgeni anaweza kuamini.)

Dawa yangu ni kuchomeka neno katikati. "A small part" inakubali, basi ni maneno mawili. "Every single day" nayo inakubali, ndiyo maana ubao wetu wa mlangoni unasema "Tours every day". "Everyday" ya kuunganisha inasifia jina, kama "everyday clothes", nguo za kushindia. Kijana ninayefanya naye kazi alisimama pale na chaki: "Kaka, niache nafasi au niunganishe?" Nikamwambia, "Pitisha 'single' hapo kwanza." Ikapita, akaandika.

Meseji za bei ndizo zinazotaka utulivu. "Altogether 90,000 shillings" ni jumla ya boti, chakula na mwongozaji. "All together" ni watu kuwa pamoja, na hiyo unaweza kuipasua: "we all eat together". Ya bei haipasuki.

"Maybe" na "may be" ni rahisi: weka "perhaps", yaani labda, mahali pake; ikikaa vizuri, unganisha.

Kuna kosa ambalo wenye Kiingereza chao hulifanya kuliko sisi: "would of" badala ya "would have". Wao lugha waliisikia kabla ya kuiandika, na "would've" ikisemwa haraka inalia hivyohivyo. Sisi tulikutana nayo ubaoni, tukakariri. Kukariri nako kuna siku yake.

"Used to" ndiyo imeikataa dawa yangu, kwani ina maana mbili na maandishi ni yaleyale. Hapo naangalia majirani zake. "I used to work in Tanga" ni ya zamani, sasa sipo huko. Ikitanguliwa na "am" na kufuatiwa na "working", ni mazoea. Ile d haisikiki kote kuwili, lakini naiandika, isipokuwa baada ya "didn't".