Siku moja maishani mwangu: mbu wa Rabai jukwaani Mombasa

Saa 12:30 asubuhi. Niko stejini natafuta gari la Mazeras. Kazi yangu ni kuandaa mazungumzo ya sayansi kwa watu wazima, na huyaandaa baa, penye bendi na vinywaji. Usiku wa leo msemaji wetu ni kijana mtafiti wa mbu, na kisa atakachokisimulia kilitokea Rabai, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa. Nataka mtungi wa udongo uwe mezani mbele yake, mtungi uliowahi kutumika. Picha ya mtungi ukutani haitoshi.

Saa 2. Rabai. Bibi mwenye mtungi ni nyanyake rafiki yangu. Namwamkia shikamoo, ananipa kiti cha plastiki na kikombe cha sturungi. Mtungi umeegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Hautekwi maji tena, siku hizi yuatumia madumu.

"Wataka kuupeleka wapi, mwanangu?"

Namwambia kuna mazungumzo ya mbu mjini.

"Mbu tena! Walikuja watu hapa na tochi, wakachungulia mitungini, wakachota viluwiluwi. Hivyo walitaka nini na mbu wetu?"

Kwa swali hilo nikaona gari la saa tatu linipite tu. Nikamweleza. Mbu aitwaye Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, alipatikana Rabai kwa sura mbili. Wa msituni ni mweusi, hutaga kwenye matundu ya miti yenye maji ya mvua na hupendelea damu ya wanyama. Wa nyumbani ni wa hudhurungi, hutaga mitungini, na amtakaye ni mtu. Miaka ya 1970 watafiti waliwatia alama mbu wa pande zote mbili, wakawaachilia, kisha wakaangalia nani anaingia nyumbani. Wa nyumbani waliingia, wa msituni wengi wao hawakuingia. Na vizazi vyao vilipozalishwa pamoja ilidhihirika kwamba tabia hiyo hurithiwa.

Bibi akatikisa kichwa. "Yule mweusi twamjua. Ukienda kuni kayani, kule msituni, atakuuma, lakini hakufuati nyumbani." Akaufuta mtungi kwa kanga, akanifungia kwa kamba ya katani, akanionya nisiuweke juu ya keria ya gari.

Saa 5. Mjini, kwa msemaji. Amekuja na slaidi nyingi na grafu za jeni. Nimekaa naye saa mbili nzima, na hii kwangu ndiyo sehemu nzito kuliko zote za kazi. Simwombi apunguze sayansi. Namwomba aipange vile mtu angeiuliza. Mtu wa baa hana daftari mkononi wala mtihani kesho. Akichoka atageukia glasi yake, nawe umempoteza. Kwa hiyo tunaanza na mtungi, halafu mbu wawili, halafu swali: wamejuaje kutofautisha mtu na mnyama? Jeni itakuja baadaye, watu wakiwa tayari wanaitafuta.

Na jibu lenyewe ni tamu. Mwaka 2009 mbu wa Rabai walikusanywa wakapelekwa New York, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller. Huko Carolyn McBride na wenzake wakawapa mbu nafasi ya kuchagua: upande huu mkono wa mtu, upande ule panya wa Guinea. Wa nyumbani wakaufuata mkono, wa msituni wakamfuata mnyama. Mwaka 2014 walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Kwenye vipapasio vya kichwani vya mbu wa nyumbani kuna kipokezi cha harufu kiitwacho Or4 ambacho jeni yake inafanya kazi kwa nguvu zaidi, na chao kinahisi vyema sulkatoni, kemikali iliyo tele katika harufu ya binadamu. Yaani mbu wa mitungini amejifunza kutunusa sisi, kizazi baada ya kizazi.

Tumebakisha slaidi nne.

Saa 7. Pilau ya haraka. Msemaji aniuliza nani alibuni mambo haya ya kuipeleka sayansi kwenye vinywaji. Kwa sura tunayoitumia sisi, namwambia, ni Leeds, Uingereza, mwaka 1998, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni aitwaye Duncan Dallas. Yeye naye aliiga kutoka Paris, ambako Marc Sautet alikuwa ameanzisha mijadala ya falsafa mkahawani mwaka 1992. Baadaye kukaja Pint of Science, tamasha lililoanzia Uingereza mwaka 2013 na ambalo hufanyika baa kila Mei katika nchi nyingi. Mtindo wa Leeds ndio tunaoufuata: msemaji dakika 20, mapumziko watu wajaze glasi, kisha maswali hadi watosheke.

Lakini mtu wa Mombasa hahitaji Leeds imfundishe kubishana juu ya vikombe. Barazani kwa muuza kahawa, wazee wamekuwa wakichambua dunia tangu zamani, na wapo marafiki zangu wengi ambao kwa dini yao hawatii mguu baa. Ndiyo maana msemaji huyu huyu nimeshamwomba aje barazani baada ya Ijumaa. Baa ni mlango mmoja. Nimeuchagua kwa sababu wanaopitia hapo ni madereva, mafundi, wahudumu wa hoteli, makarani wa bandari, watu ambao ukumbi wa chuo haujawahi kuwapelekea kadi ya mwaliko.

Saa 10. Baa. Dada meneja amekubali kuzima televisheni zote tatu, na nimechagua Alhamisi isiyo na mechi kubwa ili ahadi hiyo isimgharimu. Viti vinabaki kuzunguka meza. Ukivipanga safu safu kama darasani watu watanyamaza kama wanafunzi, na sitaki wanyamaze. Fundi mitambo namwomba maikrofoni mbili zisizo na waya, na ile iliyo nzuri zaidi ni ya watu, si ya msemaji. Sauti ya muulizaji isiposikika, meza za nyuma huanza mazungumzo yao, na huwezi kuwalaumu. Kiongozi wa bendi yuapima gitaa. Tumeelewana: ukumbi ni wetu kutoka saa moja na nusu, wao waanze saa tatu na nusu.

Naweka mtungi mezani. Kando yake chupa ya viluwiluwi, mdomo umefungwa kwa kitambaa cha chandarua, na kioo cha kukuzia.

Saa 1:30 usiku. Meza zimejaa. Msemaji anauinua mtungi bila kusema neno, na mtu wa kaunta anapaza sauti, "Huo ni wa kwetu!" Kumbe ni wa Rabai. Dakika ishirini zimeenda bila mtu kutazama simu. Alipofika kwenye jamaa za mbu hawa wa Afrika Magharibi, waliovuka Atlantiki ndani ya meli za watumwa na kuipeleka homa ya manjano Amerika, hata wahudumu walisimama na trei zao.

Saa 2:10. Maswali. Hapa ndipo ninapoishi. Mzee mmoja aliuliza kwa nini yeye huumwa na mkewe haumwi, na wanalala kitanda kimoja. Msemaji akamweleza utafiti wa mwaka 2022 wa maabara ile ile ya Rockefeller: watu walivaa soksi za nailoni mikononi ili zinase harufu yao, na waliopendwa sana na mbu walikuwa na asidi nyingi zaidi za kundi la kaboksili kwenye ngozi. Walipopimwa tena baada ya miaka, mbu walikuwa bado wanawapenda wao. Mzee akamgeukia mkewe, "Umesikia? Si uchafu." Meza nzima ikapiga makofi, na naamini miaka mingi ya mabishano nyumbani ilimalizika pale.

Kisha likaja swali nililolitarajia: bia je? Mwaka 2010 watafiti walifanya jaribio Burkina Faso kwa dolo, pombe ya mtama ya huko. Walioinywa wakawavutia zaidi mbu wa malaria. Waliokunywa maji, hakuna kilichobadilika. Na sababu haikuwa joto la mwili wala pumzi. Kijana mmoja akasogeza glasi yake mbali, mwenzake akaivuta kwake.

Mama wa makamo alisimama polepole. Aliugua chikungunya, homa ya maumivu ya viungo inayoenezwa na mbu huyu huyu, ilipolipuka Mombasa mwaka 2018, na magoti bado yanamuuma asubuhi. Je, yaweza kumrudia? Nilifurahi kwamba msemaji hakukimbilia jibu. Alimpa pole kwanza. Akamwambia chikungunya ikishakupata, kwa kawaida mwili hubaki na kinga ya muda mrefu, ila dengi, homa nyingine ya mbu huyu, ina aina nne, na kuipata mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kuwa kubaya zaidi. Akasisitiza: ukishuku dengi usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Meza parasetamoli, kunywa maji, nenda hospitali.

Hapo ukumbi ukahama kutoka udadisi kwenda kwenye maji. Mombasa mfereji hukauka siku nyingi, kila nyumba ina pipa na madumu. Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walihifadhi maji majumbani na chikungunya ikawapata wengi mno, kisha ikaenda Komoro na Réunion. Msemaji akaonyesha ndani ya mtungi: mayai hubandikwa ukutani juu kidogo ya maji, na yakikauka hudumu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za pipa kila wiki, kisha lifunike. Chandarua cha usiku nacho hakimzuii sana huyu, maana huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kutua.

Saa 3:40. Bendi imeanza kwa kuchelewa kidogo, na kiongozi wake ndiye aliyeomba swali la mwisho, kuhusu ndimu na karafuu. (Harufu yake hufukuza mbu kwa muda mfupi tu.)

Ninapokunja nyaya, kijana anayeuza maji kwa mkokoteni ananivuta kando. "Dada, haya mambo yaleteni kwetu kioski cha maji. Sisi ndio twajaza hayo mapipa." Namwita msemaji. Jumamosi hawezi, ana zamu ya kulisha mbu maabara. Jumapili asubuhi anaweza, kabla foleni ya madumu haijawa ndefu. Nimeandika, na kesho nitampigia bibi kumwomba mtungi ubaki hadi wiki ijayo.