Magauni ya Mitindo ya Zamani kwa Mwanasesere wa Sentimita 29

Ninapowashonea wanasesere mavazi ya mitindo ya zamani, kinachonipa kazi zaidi si udogo wa vipande bali unene wa kitambaa. Mwanasesere wa sentimita 29, kama Barbie aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, ana takriban moja ya sita ya kimo cha mtu. Urefu wa sketi unaweza basi kugawanywa kwa sita, upana wa kola vilevile, na mahali pa ua la sentimita 3 pakatafutwa kitambaa chenye ua la milimita 5. Unene, hata hivyo, haugawanyiki. Pamba ya shati la kawaida ikivikwa mwanasesere hukakamaa kama blanketi, na hapo ndipo magauni mengi yaliyoshonwa kwa uangalifu huharibikia, kwa sababu mshonaji amefuata kila mshono wa vazi halisi badala ya kufuata umbo lake.

Umbo ndilo linalotambulisha enzi. Gauni la miaka ya 1920 tunalijua kwa kiuno kilichoshushwa hadi nyongani na kifua kilicholazwa. Mtindo ambao mbunifu wa mavazi Christian Dior aliuonyesha jijini Paris mwezi Februari 1947 tunaujua kwa mabega ya mviringo, kiuno kilichobanwa na sketi pana inayoshuka chini ya magoti. Mambo hayo yakipatikana, hakuna atakayeuliza mifuko imekwenda wapi. Yakikosekana, lesi haitasaidia, nami nakiri kwamba simvumilii sana mshonaji anayepachika lesi kila pembe ili vazi lionekane la kale.

Tuchukue hiyo sketi pana. Mkono wa mshonaji hukimbilia marinda, lakini kitambaa chenye upana mara tatu ya kiuno kikikusanywa kwenye kiuno cha mwanasesere hugeuka pete nene inayoharibu umbo lote. Afadhali kukata duara kamili, kwa kuwa duara hutoa upana chini bila kukusanya chochote juu. Kiuno kikiwa na mzunguko wa sentimita 9, mstari wa kushonea huwa milimita 14 hivi kutoka katikati ya duara. Tundu lenyewe hukatwa dogo zaidi ili kitambaa cha mshono kibaki, na nafasi kidogo huongezwa mahali ambapo pande mbili za mgongo zitapandana. Ndani ya sehemu ya juu siweki bitana ya pamba, bali wavu laini mwembamba, ambao humaliza shingo na makwapa bila kuongeza unene unaoonekana.

Kwa magauni marefu ya miaka ya 1930 siri ni kukata kitambaa kimshazari, ufundi uliompatia sifa mbunifu wa mavazi wa Kifaransa Madeleine Vionnet, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kuufuata mwili. Hapa tai kuukuu ya hariri ni hazina. Tai huwa imekwisha kukatwa kimshazari, hivyo ukiifumua, ukaifua taratibu na kuipiga pasi, unaweza kulaza gauni kufuata urefu wa tai na kupata mwanguko huo bila kupima pembe yoyote. Leso nyembamba za zamani nazo zina faida yake, kwani pindo lake jembamba, ambalo ni vigumu kulishona kwa ukubwa huu, linaweza kuwa pindo la gauni lenyewe.

Mpangilio wa kushona pia hubadilika. Mikono ya gauni huungwa na mabega vazi likiwa bado bapa, na mapindo yake kukunjwa, ndipo mshono wa kwapa na ubavu ufungwe kwa mkupuo mmoja. Kugeuza mkono wa vazi uliokwisha kufungwa, wenye upana wa kidole, ni adhabu. Mimi hupiga bandi kwanza hata pale ambapo pini zingetosha, kwa kuwa pini huvuta kitambaa chepesi. Cherehani naiweka kwenye hatua fupi, kama milimita 1.5, na sindano nyembamba ya namba 60 au 70. Mshono ukishapita, kitambaa cha pembeni hupunguzwa hadi milimita 3 na kuzuiwa kisifumuke kwa gundi maalumu ya vitambaa.

Mgongo huachwa wazi hadi chini ya makalio, la sivyo gauni halitapita mabegani. Zipu ni nene mno, na ukanda wa kunatana hukwaruza lesi na nywele. Vishikizo vidogo vya chuma vya kubana ndivyo ninavyovipenda, huku vifungo vya mbele vikiwa shanga ndogo za mapambo tu. Kabla ya kumvika mwanasesere kitambaa chekundu au cha buluu iliyokoza, kifue hadi maji yatoke meupe, kwani rangi huingia kwenye plastiki ya mwili na kuacha doa lisilotoka kwa sabuni. Hata kikishafuliwa hivyo, gauni la rangi hizo ni vyema livaliwe juu ya shumizi nyeupe, na livuliwe kabla ya mwanasesere kurudishwa kabatini kwa muda mrefu.