Siku Moja na Miraba Ishirini ya Bibi

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikifanya kazi katika chumba cha chini cha nyumba yetu huku Missouri, Marekani. Siku zangu huanza na suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha, lakini leo meza kubwa nimeiachia kazi ambayo si yangu: miraba ishirini ya mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda la vipande vya nguo vilivyoungwa, ambayo bibi yake mume wangu alianza kuishona katika miaka ya 1930 na hakuimaliza. Iliniangukia mimi kwa sababu katika ukoo mzima hakuna mwingine anayevaa subana, ile kofia ya kidole ya kushonea.

Saa moja. Natandaza miraba yote kitandani. Kila mmoja ni kitambaa cheupe ambacho juu yake zimeshonewa petali ishirini kwa mduara, mfano wa sahani yenye nakshi, na ndiyo maana mtindo huu huitwa Sahani ya Dresden, kwa jina la mji wa Ujerumani unaosifika kwa vyombo vya kauri. Ulipendwa sana Marekani wakati ule. Magazeti yalichapisha vigezo vya kushonea, na lile la Kansas City Star liliendelea kufanya hivyo tangu 1928 hadi 1961. Chini ya boksi nakuta kigezo cha bibi mwenyewe, petali moja ya kadibodi iliyolika pembe kwa kuzungushiwa penseli mara mia kadhaa.

Saa mbili. Petali nyingi zimetokana na magunia. Unga, sukari na chakula cha kuku viliuzwa katika magunia ya pamba, na kampuni zilipotambua kwamba wake wa wakulima waliyafumua na kuyashona nguo, zilianza kuyachapa maua ili kuwavutia wanunuzi. Bila shaka kuna mume aliyetumwa kununua chakula cha kuku akaagizwa asirudi bila gunia linalofanana na la mwezi uliopita. Nainua petali moja ya samawati dirishani, na mwanga unapenya kwenye mstari wa vitundu vilivyopangana sawasawa: hapo ndipo uzi mnene wa gunia ulipopita, na maji ya miaka hayakuviziba.

Saa tatu. Kabla ya kuosha chochote, nagusisha kila rangi nyekundu na pamba nyeupe iliyoloweshwa maji baridi. Wiki iliyopita sikufanya hivyo, nikauchovya mraba mmoja mzima, na wekundu ukatambaa hadi kwenye kitambaa cheupe; doa la waridi lenye ukubwa wa kidole gumba litabaki pale, nami ndiye niliyelitia. Mashine ya kufulia haifai kabisa, kwa kuwa kingo ambazo hazijapindwa zingenyambuka na kuacha nyuzi tupu.

Saa tano. Hapa ndipo penye kazi. Kwa futikamba, mraba mdogo kabisa una inchi 15 na robo tatu, na mkubwa una 16 na nusu. Fundi mwenye haraka angeikata yote ilingane na ule mdogo, lakini katika baadhi ya miraba ncha za petali zimekaribia ukingo mno, na mkasi ungezila. Nimeamua kuuzungushia kila mraba mkanda wa kitambaa, kisha nikate mikanda hiyo, si kazi ya bibi, hadi kila upande ufike inchi 18 na nusu, ili zibaki 18 baada ya kuunganishwa. Nikiipanga minne kwa mitano, mfarishi utakuwa na inchi 72 kwa 90, unaotosha kitanda cha watu wawili.

Saa saba nasali, nakula wali wa jana, narudi.

Saa nane. Mikanda naikata kutoka kwenye pamba nyeupe isiyopaushwa, ambayo sisi tunaiita marekani. Muuza vitambaa wa hapa alicheka nilipomweleza kwamba jina la nchi yake ndilo jina la bidhaa hiyo kwetu, kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa majora. Uzi natumia wa pamba, kwa kuwa wa poliesta ni mgumu kuliko nguo hii ya zamani.

Saa kumi jioni. Mama mkwe anapita kuona. Mraba wa ishirini una petali kumi na tatu tu, na sindano imeshikwa na kutu kwenye petali ya mwisho. Katika kopo la bibi kulikuwa na petali tano zilizokwisha kukatwa; mbili hazipo.

“Tia kanga yako, mwanangu,” anasema. “Nawe uwemo.”

“Ahsante, mama, lakini kanga mpya ni nzito, na ikifuliwa itanywea na kuivuta petali ya jirani.”

Ananyamaza kidogo, kisha anakubali. Petali hizo mbili nazikata kwenye kipande cha gunia la zamani nilichokinunua kwa muuza vitu vya kale.

Saa mbili usiku. Nashona petali saba kwa mkono. Ninapomaliza, naweka mraba mbali kidogo na macho, na mara moja naona mahali bibi alipoishia: mishono yake ni sita kwa kila inchi, yangu ni kumi na miwili, midogo, iliyonyooka kama ya dukani. Nazifumua zote saba. Naanza upya, sita kwa inchi, na kila baada ya mishono kadhaa nauacha mkono uende upande kidogo, kama wake ulivyokwenda. Saa tano kasoro robo nakata uzi, na ile sindano yenye kutu nairudisha katika kopo.