Ardhi ya kijiji haigawiwi kwenye "Mengineyo"

Katika vijiji vya Tabora, Tanzania, iwe Uyui, Sikonge au Kaliua, ombi la ardhi lina mahali pake pa kuibukia: mwisho wa kikao, kwenye "Mengineyo". Jua limeshuka, akina mama wengi wameshaondoka kwenda kuchota maji na kuinjika chakula, waliobaki wanatazama baiskeli zao. Mwenyekiti anasema kuna ndugu yetu anaomba ekari 50 kule porini, mnasemaje? Makofi. Mtendaji anaandika "wajumbe waliafiki kwa kauli moja". Huenda hakuna hata mmoja aliyepokea bahasha. Kilichokosekana ni busara tu, na hasara ni ileile.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Halmashauri ni watu 15 hadi 25. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Wenyeviti wengi wanalijua hilo. Wasilojali ni kama hao wanaoridhia wanajua wanachokiridhia.

Kwa hiyo kazi yenyewe inaanzia shambani. Kabla ya kikao, wajumbe waende eneo linaloombwa wakiwa na mzee anayejua mipaka, mfugaji, mrina asali, mkulima wa mpunga na mama anayeokota kuni huko. Kila mmoja aulizwe swali moja: unapatumia mwezi gani? Pori la miyombo la Agosti linaonekana tupu kabisa, kumbe juu kuna mizinga, kuni za mabani ya kukaushia tumbaku zinatoka humo, na ile mbuga iliyopasuka nyufa ikifika Januari ni majaruba yamejaa maji. Katikati inapita njia ya ng'ombe kwenda lambo. Sheria inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, inayokaliwa au kutumiwa na watu binafsi na familia, na ya akiba ya kugawa baadaye. Ukitembea na watu hao watano utajua mapema ombi limeangukia fungu lipi. Ukikaa ofisini, utalijua siku ya ugomvi.

Kisha vipimo. Wengi wetu tunapima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaa sawa hatua ikiwa ya yadi moja. Mpe kazi hiyo kijana mrefu mwenye hatua ya mita kamili: mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047. Katika ekari 50 kijiji kimetoa zaidi ya 10 za bure, na hakuna aliyeiba! Tumieni kamba iliyopimwa, au simu yenye GPS, mwandike na majina ya majirani wa pande zote nne.

Kwenye kikao ombi liwe ajenda inayojitegemea, ibandikwe mapema, ijadiliwe watu wakiwa bado wengi. Mikono ihesabiwe: waliokubali, waliokataa, wasiopiga kura. Karatasi ya mahudhurio iandikwe ajenda juu ya kila ukurasa kabla ya jina la kwanza, maana saini za kikao cha chanjo zinaweza kugeuka saini za ardhi. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Kinachopofusha kuliko bahasha, kwa maoni yangu, ni ahadi ya darasa au kisima. Mwombaji akiitoa, iandikwe pamoja na tarehe yake, halafu iwekwe pembeni. Swali la kwanza libaki: tungempa eneo hili hata asingeahidi kitu? La pili: maji ya mifugo yake yatatoka wapi mwezi wa Oktoba?

Akija na haraka, kwamba gari linamsubiri na lazima asainiwe leo, mwenyekiti ana jibu. Sheria inaipa halmashauri siku 90 za kuamua tangu ombi lilipowasilishwa. Mkutano mkuu wa kawaida nao ni kila miezi mitatu, na kama uko mbali, upo wa dharura. Muda wa kwenda porini, kupima na kurudi kuhesabu mikono upo.